Dodoma hadi Dodoma na gari la kulala: mwongozo kwa anayesafiri peke yake Kanda ya Kati

Ushauri mwingi wa kusafiri na kulala garini umeandikwa kwa nchi ambako msafiri hutafuta kona ya giza, hushusha mapazia na kuondoka alfajiri kabla hajaonwa na mtu. Kwetu ushauri huo ni wa hatari. Huku Kanda ya Kati ya Tanzania anayelala salama ni yule ambaye kijiji kinajua yupo, katoka wapi na kesho anaelekea wapi. Mengine yote nitakayoeleza hapa, kitanda, maji, umeme, matairi, unaweza kuyaboresha taratibu ukiwa safarini. Hilo la kujulikana halina mbadala.

Kabla hujafikiria kuvuka nchi nzima, zunguka kwanza: Dodoma, Kondoa, Babati, Katesh, Singida, Manyoni, kisha Dodoma tena. Ni kama kilomita 650, lami mwanzo mwisho, na hakuna mahali utakapokuwa mbali sana na fundi. Jipe siku tano hadi saba. Anayeumaliza mzunguko huu kwa siku mbili hajajifunza kulala garini, amejifunza kuendesha tu.

Hatua ya kwanza: gari

Gari zuri la kulala ni lile ambalo spea yake unaipata Manyoni siku ya Jumapili. Kwa sababu hiyo naiweka Toyota Hiace, kipanya chetu cha kila siku, mbele ya gari lolote la kifahari lililoagizwa likiwa na sinki na kabati zake. Ile yenye paa lililoinuliwa unasimama ndani karibu wima, na kila fundi kuanzia Kibaigwa hadi Nzega ameshaifungua injini yake. Noah nayo inamtosha mtu mmoja: ukitoa viti vya kati na vya nyuma, godoro la futi mbili na nusu kwa sita linakaa upande mmoja na bado una nafasi ya kupitisha miguu. Coaster ina raha yake, lakini inakula mafuta, inasumbua kuegesha kijijini, na magari ya zaidi ya kilo 3,500 hupitishwa mizani, kama ile ya Nala ukitoka Dodoma kwenda Singida. Kwa mtu mmoja sioni haja.

Peleka gari gereji wiki mbili kabla ya safari, usipeleke siku moja kabla. Fundi atazame breki, bushi, shokapu, rejeta na mipira yake, belti na mfumo wa chaji. Kisha litembeze mjini wiki nzima, maana matengenezo yakiwa na kasoro, afadhali ijitokeze hapa Dodoma kuliko kwenye kona za Bereko.

Matairi yakague mwenyewe. Ubavuni, baada ya herufi DOT, tafuta kiduara chembamba chenye tarakimu nne. Kikisomeka 2319, tairi limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Wengi wetu tunanunua tairi za mtumba na tunatazama kashata tu, kama imebaki nene tunalipa na kuondoka. Mpira huzeeka hata ukiwa stoo. Lami ya Bahi saa nane mchana mwezi wa Oktoba haina huruma na mpira mkavu, hasa kwenye gari lililobeba maji, gesi na kitanda. Tairi lililopita miaka sita lirudishe ulikolitoa. Upepo pima asubuhi kabla hujatembea, kwa kiwango kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, usifuate makadirio ya kijana wa pancha.

Vifaa vya lazima: jeki inayolingana na uzito wa gari likiwa limejaa, spana ya magurudumu uliyoijaribu wewe mwenyewe, spea yenye upepo, pampu ndogo inayotumia umeme wa gari, koleo, kamba ya kuvutia, vipande viwili vya ubao mnene vya kuweka chini ya jeki kwenye mchanga, fyuzi za kila saizi, belti ya akiba, oili na dumu la lita 5 la maji ya rejeta. Jaribu kubadili tairi ukiwa nyumbani, peke yako, bila kumwita jirani. Nati zilizokazwa kwa mashine hazifunguki kwa mkono wa kawaida. Beba bomba la chuma la kuongezea urefu wa spana.

Hatua ya pili: kitanda, maji, jiko, umeme

Kitanda kiwe sanduku. Mwambie seremala atengeneze fremu ya mbao yenye kimo cha kupitisha dumu la lita 20 likiwa limesimama, kama sentimita 40 hivi, na juu aweke plaiwudi ngumu inayofunguka kama mfuniko. Fremu ifungwe kwa bolti kwenye matundu yale yale ya viti vilivyotolewa, kwa sababu kitanda kisichofungwa, siku ukikanyaga breki kwa ghafla, kinakufuata mgongoni. Acha njia ya kutoka kitandani hadi kiti cha dereva bila kufungua mlango. Usiku wa manane ndipo utakapoona maana yake.

Lita moja ya maji ni kilo moja. Madumu matatu ni kilo 60, sawa na abiria. Yaweke chini, katikati, mbele ya ekseli ya nyuma, na yafunge mkanda. Mtu mmoja anayepika na kuoga kwa kopo hutumia kama lita 10 kwa siku, kwa hiyo madumu matatu yanakupa siku tano na akiba kidogo. Ya kunywa yatenge. Visima vingi vya Kanda ya Kati vina maji ya chumvichumvi, na kule Singida baadhi vina floraidi nyingi inayoharibu meno na mifupa. Kuchemsha hakuiondoi. Maji ya kunywa chukua mjini, ya kisima yakutoshe kuoga na kuoshea vyombo.

Jiko ni mtungi wa gesi wa kilo 3 au 6 wenye jiko la kufunga juu yake. Usiuhofie, uheshimu tu. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutambaa sakafuni na kujikusanya. Kwa hiyo toboa tundu la kupitisha hewa chini kabisa, usawa wa sakafu, pale mtungi unapokaa, na uufunge wima. Pika nje, chini ya kivuli cha mlango wa nyuma uliofunguliwa. Mkaa usiingie ndani ya gari, hata kama jiko linaonekana limezimika, hata kama Singida inapuliza upepo wa mwezi wa saba na meno yanagongana. Moshi wa mkaa usioonekana huua mtu akiwa usingizini, na gari lina hewa kidogo kuliko chumba chochote. Vivyo hivyo usilale injini ikiunguruma. Baridi inatibika kwa blanketi la pili: usiku wa Juni na Julai hapa Dodoma hushuka hadi nyuzi 13 hivi.

Umeme ndipo watu wanapotupa hela. Anza na hesabu. Betri ya sola ya volti 12 yenye ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, lakini betri za maji ukizikausha zaidi ya nusu zinakufa mapema, kwa hiyo ulichonacho ni 600. Feni ndogo ya wati 15 usiku kucha, saa nane, ni 120. Taa mbili za LED na kuchaji simu, tuseme 60. Kompyuta mpakato, 100. Hapo umefika 280 na bado una akiba ya siku nyingine nzima. Paneli ya wati 100 kwenye jua letu la Dodoma, baada ya kutoa upotevu wa joto na vumbi, inarudisha wati-saa 350 hadi 400 kwa siku. Imetosha. Friji ndogo ndiyo inayokulazimisha kununua paneli ya pili, betri ya pili na inveta ambayo hukuihitaji, na nyama unaweza kununua kila siku kwa mama lishe ikiwa imeshapikwa. Kila waya unaotoka kwenye betri uwe na fyuzi karibu kabisa na betri. Magari mengi yanaungua kwa waya wa shilingi elfu mbili.

Paneli ya juu ya paa ina ugomvi wa kudumu na kivuli: ukilitaka gari lipoe, paneli haichaji, ukitaka chaji, unalala kwenye oveni. Mimi nachagua kivuli cha mchana na kuiacha betri ichajiwe tukiwa barabarani.

Choo ni ndoo yenye mfuniko unaobana na kiroba cha maranda kutoka kwa yule yule seremala. Ni kwa dharura ya usiku. Mchana kuna vyoo vya stendi na vya sheli, lipa mia chache uendelee.

Hatua ya tatu: karatasi

Leseni hai, bima hai, kadi ya gari au nakala yake, kitambulisho cha NIDA. Pembetatu mbili, kizima moto ambacho mshale wake bado uko kwenye kijani, sanduku la huduma ya kwanza. Ukibadili rangi au injini, kadi ya TRA isomeke hivyo hivyo. Kabla ya kuondoka angalia mtandaoni kama namba ya gari ina faini isiyolipwa. Gari ulilonunua mkononi mwa mtu linaweza kuwa na deni lake. Faini ya kosa la barabarani hulipwa kwa namba ya malipo. Kibao cha 50 kinaanzia pale kilipo, hakianzi pale unapoziona nyumba, na tochi ya kupima mwendo huwa imekaa katikati ya hapo.

Trafiki akikusimamisha akakuta kitanda na jiko, atauliza. Jibu kwa kifupi, shuka, mfungulie mlango wa nyuma aone. Wengi wanaishia kuuliza godoro ulinunua wapi.

Hatua ya nne: msimu

Kanda ya Kati ina msimu mmoja wa mvua, kati ya mwishoni mwa Novemba na Aprili. Mzunguko wa kwanza ufanye Juni hadi Septemba. Oktoba na Novemba ni joto kali na vumbi. Ukilazimika kusafiri masika, sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kila jioni na ujue mambo mawili.

La kwanza ni makorongo. Mito yetu mingi ni mchanga mtupu miezi saba ya mwaka, na mchanga ule mweupe, mpana, tambarare, unavutia sana kuegesha. Mvua inanyesha milimani huko usikokuona, anga la kwako likiwa na nyota, na maji yanafika kwa mkupuo. Usiegeshe kwenye korongo mwezi wowote ule. La pili ni udongo mweusi wa mbuga: ukikauka ni saruji, ukilowa gari linazama hadi ekseli na koleo halikusaidii. Masika usiiache lami zaidi ya hatua unazoweza kurudi kwa miguu kuomba trekta.

Hatua ya tano: mahali pa kulala

Hapa ndipo penye safari yenyewe.

Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi wilayani Chamwino, si mbali na mjini Dodoma, watafiti wawili wa kilimo na dereva wao waliuawa na kundi la watu waliodhani ni wanyonya damu. Walikwenda kuchukua sampuli za udongo. Gari lao lilikuwa la serikali. Siandiki hili kuwatukana watu wa Chamwino, ambao kwa kawaida wanakukaribisha ugali wa uwele na mlenda kabla hujamaliza salamu. Naliandika kwa sababu gari geni lenye vioo vya giza, limeegeshwa pembeni ya kijiji, ndani yake mtu ambaye hakuna anayemjua, ni jambo zito vijijini, na uvumi hukimbia kuliko pikipiki. Usilale mahali ambapo hujajitambulisha. Kama huwezi kujitambulisha, nenda gesti.

Ofisi za serikali hufungwa saa tisa na nusu alasiri. Mtendaji wa kijiji baada ya hapo anaweza kuwa shambani kwake au mjini kabisa. Kwa hiyo kituo chako cha kulala ufike saa tisa, ukichelewa sana saa kumi. Jua linazama kwenye saa 12:30 jioni, na muda ule wa kati ndio wa kuonekana. Ukiikuta ofisi imefungwa, ulizia kwa mwenyekiti wa kijiji au wa kitongoji. Yeye anaishi pale pale. Liache gari mahali pa wazi, nenda kwa miguu. Mzee ukimkuta na wenzake barazani, "Mbukwenyi" moja kwa Wagogo inafungua mlango, halafu mazungumzo huenda hivi:

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Karibu. Unatokea wapi?"

"Dodoma mjini, mzee. Naelekea Babati, niko peke yangu na gari lile pale. Nimekuja kujiandikisha kwako, naomba mahali pa kuegesha. Nalala humo humo, kesho alfajiri naondoka."

"Unalala kwenye gari? Gesti hujaiona?"

"Nimeiona mzee. Ila humo nina kitanda na jiko, nimezoea. Karibu ulione."

Hilo la mwisho usilisahau. Fungua milango yote, nyanyua hata mfuniko wa kitanda. Watoto watajaa, vijana watauliza paneli ina wati ngapi, mama mmoja atacheka kwamba mwanaume anapika. Acha watazame mpaka wachoke. Gari ambalo kila mtu ameliona ndani halina habari tena. Andika jina kwenye daftari la wageni, na omba namba ya simu ya mwenyekiti. Usitoe hela kwa kiongozi, unampa sababu ya kufikiri umekuja kununua kitu. Hela yako ipite kwa mama lishe unayekula kwake usiku, na kwa mlinzi wa zahanati au shule kama umeegesha penye lindo lake. Shule iombe kwa mwalimu mkuu, na isiwe siku ya masomo.

Parokia na misheni ni kimbilio zuri, geti hufungwa na kuna maji. Omba kwa paroko mwenyewe na usiondoke bila kuaga. Sheli inayofanya kazi usiku kucha ni chaguo la tatu: jaza mafuta hapo, ongea na meneja badala ya kijana wa pampu ambaye saa nne usiku anabadilishana zamu, egesha mbali na matenki, na siku hiyo usiwashe jiko kabisa. Stendi nisingeshauri. Honi za mabasi ya alfajiri zinaanza saa tisa usiku.

Ukishapata kiwanja, tazama juu, chini na upepo. Juu: mbuyu una heshima yake lakini kiangazi hauna jani, haukupi kivuli. Chini ya migunga kuna miiba inayopita kwenye tairi. Mwembe ndio mti wa kutafuta, nawe egesha upande wake wa magharibi ili jua la asubuhi likukute kivulini. Chini: kagua kama kuna njia ya ng'ombe, maana saa kumi na mbili asubuhi kundi halitazunguka kwa ajili yako. Kiangazi upepo wetu hutoka zaidi mashariki na kusini mashariki. Elekeza pua ya gari huko, mlango wa nyuma uwe kinyume, la sivyo unapikia vumbi. Na pua ielekee pia njia ya kutokea, bila kulazimika kurudi nyuma. Yakigongana hayo mawili, njia ya kutokea kwanza.

Hatua ya sita: usiku

Saa mbili usiku mpigie mtu mmoja wa nyumbani, huyo huyo kila siku, mpe jina la kijiji, la mwenyekiti na namba yake. Mkubaliane: asiposikia sauti yako hadi saa tatu asubuhi, aanze kupiga. Kuwa na laini mbili za kampuni tofauti, na ramani uliyoipakua kabla ya kuondoka.

Viatu vikung'ute kabla ya kuvivaa. Dodoma ina nge, nao wanapenda giza la kiatu. Neti ya madirisha ishikizwe kwa sumaku uweze kuacha vioo wazi kidogo, chandarua ndani juu yake. Kiti cha dereva kiwe kitupu, ufunguo mahali pamoja pale pale kila usiku.

Mtu akigonga, usifungue. Shusha kioo kidogo, salimia, muulize jina, mwambie unampigia mwenyekiti. Mwenye nia njema atasubiri, mara nyingi ni mgambo wa doria au mtu mwenye mgonjwa anatafuta usafiri. Huyo wa mgonjwa msaidie, lakini mwenyekiti awepo. Usipoelewa hali, washa gari uende kwenye taa za watu wengi. Polisi ni 112, zimamoto 114.

Dada anayesafiri peke yake: misheni kwanza, kijiji pili, sheli mwisho. Jitambulishe kwa viongozi, kisha umtafute mama mmoja mtu mzima, kaa naye jikoni kwake, menya naye vitunguu. Usiku ule wewe ni mgeni wake, na kijana atakayetaka kukusumbua atapambana naye kwanza. Barabarani, anayeuliza kama uko na nani, jibu kwamba unasubiriwa mbele. Ni kweli, yule wa simu ya saa mbili anakusubiri.

Mzunguko wenyewe

Kwa wastani wa kilomita 9 kwa lita, kilomita 650 ni kama lita 72, ongeza robo. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo za mafuta Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, kwa hiyo ukianza safari Jumanne ya mwisho wa mwezi, bajeti yako ni ya kubahatisha. Kila siku isizidi kilomita 170, na usiendeshe usiku kabisa: kuna ng'ombe, punda na matrela yasiyo na taa.

Dodoma hadi Kondoa ni kama kilomita 155. Ikiangukia Jumamosi, pitia mnada wa Msalato ukale nyama, lakini uondoke kabla ya saa sita. Ukikaribia Kondoa utaona mabonde mekundu yaliyochimbwa na mmomonyoko. Mradi wa HADO, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma, ulianza mwaka 1973 kuiokoa ardhi ile, na 1979 mifugo ikaondolewa kabisa eneo lililoharibika zaidi. Miti unayoiona imerudi baada ya hapo. Lala Kondoa mjini au Kolo. Michoro ya miambani ya Kolo imo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2006. Gari liache ofisini, chukua mwongozaji, vaa viatu vya kupandia. Usiombe kulala huko juu kwenye miamba: wenyeji bado wanafanyia matambiko.

Baada ya Kolo kuna kona na miteremko ya Bereko hadi Bonga, kisha Babati. Ziwa Babati lina viboko. Usiku wanatoka majini kula majani, na njia yao ya kurudi hawaiachii gari. Lala mjini, ziwa litazame mchana.

Babati hadi Singida, kama kilomita 160, Mlima Hanang unakuwa ubavuni mwako muda mrefu, mita 3,400 na ushee. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe vilishuka kutoka mlimani hadi Katesh na kuua watu wengi. Masika pita Katesh mchana, usilale chini ya mteremko.

Singida jipe usiku mbili. Maji ya Ziwa Singidani na Kindai ni ya chumvi, hayafai dumu lako, ila jioni majabali yale ya mviringo ukingoni yanatosha kukufanya uahirishe kuondoka. Nunua mafuta ya alizeti na kuku wa kienyeji. Asali subiri hadi Manyoni. Kuanzia Singida uko kwenye njia ya matrela ya Rwanda na Burundi. Usishindane nayo. Dereva wa semi akiwasha taa ya kulia huenda anakukataza kupita, huenda anakata kona. Subiri uone mwenyewe.

Baada ya Manyoni barabara inashuka ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Kintinku. Weka gia ndogo kabla mteremko haujaanza, breki ziguseguswe tu. Chini kuna tambarare ya Bahi, na mchele wa Bahi ni mzigo mzuri wa kujazia nafasi ya dumu lililoisha. Nyumbani ni mwendo wa saa moja.

Ukifika, safisha chujio la hewa siku hiyo hiyo, kaza upya nati za magurudumu na bolti za kitanda, fungua milango yote, sambaza godoro juani.

Ukitaka kuvuka nchi

Kama kila usiku ulifika kituoni kabla ya saa kumi, uko tayari. Njia ya moja kwa moja ni ile ya matrela: Dodoma, Manyoni, Singida, Igunga, Nzega, Kahama hadi Rusumo mpakani. Nzega ndiko njia panda ya kwenda Tabora. Siku ya kwanza ishia Manyoni hata kama una nguvu. Siku ya pili, baada ya Singida, kuna mteremko wa Sekenke kabla ya mbuga ya Wembere: simama juu, acha breki zipoe, tazama matrela yanavyoshuka, kisha shuka kwa gia ile ile ambayo ungepandia. Ukifika Igunga saa tisa, egesha hapo, kajiandikishe. Nzega iache ya kesho.